Ubavu Kwanza, Kashata Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Matairi ya A/T kwa Gari la 4x4

Kati ya Engaruka na Ngaresero, njia ya kwenda Ziwa Natron, kuna vipande ambavyo barabara ni mawe ya volkano matupu, meusi, yenye makali kama chupa iliyopasuka. Huko nilipoteza matairi mawili asubuhi moja, gari likiwa na wageni ndani na mizigo juu ya keria. Nilipolivua la pili nikapitisha kidole gumba kwenye kashata, yale matofali ya mpira ya usoni mwa tairi yanayokanyaga barabara. Zilikuwa nzima kabisa, kina chake kilipita milimita 9. Lakini ubavuni kulikuwa na mkato wa urefu wa kidole, na nyuzi nyeupe zinachungulia nje kama nyuzi za gunia. Fundi wa Mto wa Mbu aliyaangalia matairi yote mawili, akatikisa kichwa, akayaweka kando. Mkato wa ubavuni hauzibwi.

Matairi yale niliyachagua kwa macho. Yalikuwa na kashata kubwa, yanapendeza chini ya gari, nami nikadhani kashata ndiyo tairi. Kwa barabara zetu kinachoua tairi mara nyingi ni mambo mawili: jiwe linalochana ubavu, na joto la kukimbia lami na mzigo mzito huku upepo ukiwa pungufu. Ndiyo maana katika mwongozo huu ubavu unatangulia, kisha uwezo wa kubeba, kisha umri wa tairi. Kashata zinakuja baada ya hayo.

Hatua ya 1: Andika barabara zako

Chukua karatasi. Andika safari zako za mwezi uliopita, kila moja na kilomita zake, na pembeni andika lami, changarawe, mawe, mchanga au matope. Andika ulikokwenda kweli, siyo unakotamani kwenda. Zoezi hili ni la dakika kumi na linaokoa fedha nyingi.

Kama kilomita tisa katika kila kumi ni lami, matairi ya H/T, yaani ya barabara kuu, yanakutosha. Yako kimya, yanashika lami yenye maji vizuri zaidi, na yanakula mafuta kidogo. Ukiona changarawe na rafu rodi vinachukua robo ya safari zako au zaidi, hapo A/T, yaani tairi la njia zote, ndiyo mahali pake. M/T, zile za matope zenye kashata kubwa zilizoachana, ni za mtu anayeishi kwenye tope: magari ya mashambani, ya misitu, ya kambi zilizo ndani ya hifadhi wakati wa masika. Kwenye lami M/T zinavuma, zinaisha haraka, na breki ya ghafla kwenye lami iliyolowa inachukua umbali mrefu zaidi.

Jambo moja niliseme wazi kuhusu udongo mweusi wa mbuga, ule wa Ndutu mwezi wa nne au wa mabonde ya Katavi. Hakuna tairi la A/T litakalokuvusha hapo kwa uhakika. Udongo ule unajaa katikati ya kashata, unashikana, na baada ya mizunguko michache tairi linakuwa laini kama donge la unga wa chapati. M/T inajisafisha vizuri zaidi kwa sababu nafasi zake ni pana, lakini nayo ina kikomo. Ukifika hapo mvua imetoka kunyesha, subiri jua. Saa tatu za jua zinafanya kazi kuliko tairi lolote dukani.

Hatua ya 2: Soma namba, kisha pima mzigo

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko chenye saizi ya tairi la kiwandani na upepo wake. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Tuchukue 265/65R17 112T, saizi inayofungwa kwenye Prado na Hilux nyingi. Tairi lina upana wa milimita 265. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kama milimita 172. R inaonyesha kuwa ni redio (radial), yaani tairi ambalo nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Ringi ni ya inchi 17. Herufi T ni mwendo: kikomo chake ni kilomita 190 kwa saa. Ukikuta S ni 180, R ni 170, Q ni 160, na kwa magari yetu zote zinatosha.

Namba ambayo watu wanairuka ni ile 112. Ni namba ya uzito, na maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili. Namba nyingine utakazokutana nazo: 109 ni kilo 1,030, 113 ni 1,150, 116 ni 1,250, 120 ni 1,400, na 121 ni 1,450.

Sasa piga hesabu ya gari lako. Sema gari likijaa lina tani 3.2, na ekseli ya nyuma inabeba tani 1.9 kwa sababu mafuta ya akiba, maji, mizigo na viti vya nyuma vyote viko huko. Kila tairi la nyuma limebeba kilo 950. Ukilinganisha na 1,120 unaona pumzi ipo. Lakini gari likiinama upande mmoja kwenye korongo, au likidondokea shimo kwa kilomita 60 kwa saa, tairi moja linapokea zaidi ya sehemu yake. Kwa gari la kazi mimi sishuki chini ya 116, na nikipata 120 au 121 nachukua hiyo. Kwa gari la familia lisilojaa mara kwa mara, namba ya kiwandani inatosha. Chini ya namba ya kiwandani usiende kabisa, hata ukipewa bei ya kukutoa udenda.

Hatua ya 3: Chagua ubavu

Dukani, kabla hujaangalia kashata, geuza tairi uangalie ubavu. Unatafuta mambo matatu.

Kwanza, herufi LT mbele ya saizi, kama LT265/70R17. Hilo ni tairi lililojengwa kwa magari ya mizigo midogo. Mpira wake ni mnene na nyuzi zake ni imara kuliko tairi la kawaida la saizi ileile. Pili, plai. Wauzaji wanasema plai 6, plai 8, plai 10, na kwenye tairi utaona herufi C, D au E kwa mfuatano huo. Siku hizi plai 10 haimaanishi kuna matabaka kumi ndani. Ni kipimo cha nguvu kilichorithiwa kutoka enzi za nyuzi za pamba. Tatu, na hili ndilo muhimu kwangu, matabaka halisi ya ubavu. Yameandikwa kwa maandishi madogo kabisa, mweusi juu ya mweusi, kwa hiyo washa tochi ya simu na uimulike kwa pembeni. Utaona idadi ya matabaka ya nyuzi za polista ubavuni, na idadi ya matabaka ya usoni yakiwemo ya chuma. Matairi mengi yana mawili ubavuni. Yapo machache yenye matatu. Kwa anayepita Natron, au mawe ya volkano ya kaskazini mwa Kenya kuelekea Loiyangalani, lile tabaka la tatu lina thamani ya kila shilingi iliyoongezeka.

Ubavu mnene una gharama zake na ni haki uzijue. Tairi la LT la plai 10 linaweza kuzidi la kawaida kwa kilo tano au zaidi kila moja. Gari linakuwa zito kuondoka, mafuta yanaongezeka, shokapu na busha zinafanya kazi zaidi, na gari likiwa tupu linaruka kama toroli. Kwa hiyo RAV4, CR-V au Forester usiifungie plai 10. Gari jepesi la namna hiyo linahitaji A/T ya kawaida au ile yenye herufi XL, yaani iliyoongezwa nguvu ya kubeba, basi. Prado ya familia inayokwenda kijijini mwisho wa mwaka kwa barabara ya changarawe nayo haihitaji zaidi ya hapo. Ubavu wa LT ni wa gari linalobeba, tena kwenye mawe.

Kuna kitu kingine kinacholinda ubavu na wengi hawakihesabu: kimo chake. Vijana wanapenda ringi kubwa, inchi 20 na zaidi. Angalia hesabu: 265/65R17 ina ubavu wa milimita 172, lakini 285/50R20 ina milimita 142 tu. Umepoteza sentimita tatu za mpira uliokuwa unameza jiwe kabla halijafika kwenye ringi. Ringi inapinda, ubavu unabanwa kati ya jiwe na chuma, unapasuka pande mbili kwa mpigo mmoja. Kwa barabara za vumbi baki na inchi 16 au 17 kama breki za gari lako zinaruhusu.

Hatua ya 4: Saizi kubwa zaidi, au ileile?

Watu wengi wanataka kupandisha gari kidogo. Inawezekana, lakini piga hesabu kwanza. 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776. 265/70R17 ina milimita 803. Tofauti ni milimita 27, kama asilimia tatu na nusu. Gari litapanda nusu ya tofauti hiyo, yaani sentimita moja na kidogo. Mshale wa spidi ukisoma 100, gari linakimbia 103 na zaidi, na kamera za barabarani hazitakusikiliza ukieleza habari za matairi. Hapo ndipo pa kuishia. Ukizidi hapo, tairi linaanza kugusa fenda ukikata kona kali gari likiwa limejaa, na gari linakosa nguvu mlimani.

Swali la msingi zaidi ni hili: tairi hilo likifa Mpanda au Loliondo, utalipata? Saizi za kawaida kama 265/65R17 na 7.50R16 unazikuta hata miji midogo. Saizi ya kipekee utaisubiri itoke Arusha au Dar es Salaam juu ya basi.

Na hiyo 7.50R16 ya Land Cruiser za kazi, zenye tubu na ringi za vipande zenye pete, msiidharau kwa kuwa ni ya zamani. Ni nyembamba, ubavu wake ni mrefu, na fundi pancha yeyote mwenye pao mbili na kiraka anaitengeneza chini ya mwarobaini. Hatari yake iko kwenye ile pete. Ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo inaweza kuruka na kuua mtu. Hakikisha imekaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima, laza gurudumu upande wa pete uangalie chini, au lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, na asiwepo mtoto anayechungulia.

Hatua ya 5: Dukani, mkono kwa mkono

Tafuta neno DOT, fuata mstari wake hadi tarakimu nne za mwisho. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hazipo, ligeuze. Binafsi tairi lililozidi miaka miwili dukani silinunui kwa bei ya jipya. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa, hasa likiwa limepangwa juani mbele ya duka.

Tairi kuukuu lililopakwa dawa ya kung'arisha linafanana na jipya. Lifute kwa kitambaa chenye maji, kisha likunje ubavu kwa mikono miwili na uangalie chini ya zile herufi zilizoinuka. Hapo ndipo nyufa ndogo zinapoanza, nyembamba kama unywele. Bonyeza kashata kwa ukucha: mpira mzima unakubali kidogo na kurudi, uliozeeka unakataa kama kwato.

Sasa ndiyo wakati wa kashata. A/T nzuri kwa changarawe ina kashata zilizokaribiana kiasi, na kwenye mifereji kuna vinundu vidogo vinavyosukuma mawe nje yasitoboe chini. Mabega yawe na kashata zinazoshuka kidogo ubavuni, maana zinakinga na pia zinashika kwenye mikondo ya magurudumu. Mikato myembamba juu ya kashata inasaidia lami yenye maji, ila ikizidi, changarawe inaimega vipande vipande. Alama ya mlima na theluji inahusu theluji. Usiilipie ziada.

Majina yapo mengi. BFGoodrich walitoa redio yao ya kwanza ya A/T mwaka 1976 na ukoo huo unaendelea hadi leo. Bridgestone, Yokohama, Dunlop, General, Cooper, Toyo na Maxxis wote wana A/T zao. Kila kampuni ina tairi zito na tairi jepesi chini ya jina linalofanana. Kwa hiyo nunua kilichoandikwa ubavuni, jina lije nyuma yake. Bei igawanye kwa kilomita unazotarajia, siyo kwa tairi.

Nunua matano, siyo manne. Yote saizi moja, aina moja. Magari yanayovuta magurudumu manne muda wote, kama Prado nyingi, Land Cruiser za 100 na 200 na Defender, hayavumilii matairi ya vipenyo tofauti: difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inalazimika kuzunguka bila kupumzika kufidia tofauti hiyo, inapata moto na kula mafuta yake. Kwa magari yanayounganisha mbele kwa hiari, shida inatokea ukiweka 4H, yaani ukiunganisha magurudumu yote manne, kwenye lami kavu. Spea kipara kwenye gari lenye manne mapya ni mzigo tu.

Hatua ya 6: Kufunga

Valvu mpya kila unapobadili tairi lisilo na tubu. Baransi, kisha alaimenti. Nati zikazwe kwa kurukaruka, hii na ya mkabala wake, siyo kwa mzunguko, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kama umeongeza saizi, ijaribu spea mahali pake chini ya gari hapohapo gereji.

Hatua ya 7: Upepo

Nimeona matairi mazuri yakifa kwa upepo mbaya kuliko matairi mabaya yakifa kwa kazi. Nunua geji yako mwenyewe, maana geji za vituo vya mafuta hazilingani. Pima asubuhi kabla gari halijatembea.

Kibandiko cha mlangoni kilitengenezwa kwa tairi la kiwandani. Ukifunga LT, tairi hilo linahitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule, mara nyingi psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 6 hadi 10 juu ya kibandiko. Omba jedwali la mtengenezaji. Na namba ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni, mathalani 80 kwa plai 10, ni ukomo wa tairi. Siyo ya kujazia.

Ili kujua kama umepatia, pima likiwa baridi, endesha lami saa moja kwa mwendo wako wa kawaida, pima tena. Tairi la kawaida linatakiwa kupanda kama psi 4, la LT kama 6. Likipanda zaidi, ulianza na upepo mdogo: ubavu ulikuwa unakunjika kupita kiasi na kuzalisha joto. Ongeza kidogo kesho yake, rudia. Huu ndio mtihani ninaouamini kuliko jedwali lolote, kwa sababu unapima gari lako na mzigo wako.

Lami inapoishia, geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro kwa sisi wa kaskazini, shuka. Kutoka pale hadi Naabi, geti la Serengeti, barabara ina mikunjo kama bati, na tairi gumu linagonga kila mkunjo. Punguza upepo kwa robo hivi, 40 iwe 30, na mwendo ushuke pia, 50 au 60. Tairi lililolegea kidogo linajikunja juu ya jiwe badala ya kupigana nalo. Ila kumbuka kwamba ubavu nao unatanuka nje, kwa hiyo kwenye mawe makali yaliyosimama pembeni usikaribie kingo. Kwenye mchanga mzito nenda psi 16 hadi 18, na usikate kona kwa ghafla, tairi linaweza kutoka kwenye ringi. Ukirudi lami, jaza kabla ya kukimbia. Kompresa ndogo ya betri ni sehemu ya tairi; asiye nayo asipunguze.

Hatua ya 8: Kuyatunza

Kila kilomita 8,000 yabadilishane nafasi yote matano, spea ikiwemo. Pima kina kwa njiti ya kiberiti: isimamishe kwenye mfereji, weka alama kwa ukucha, ilinganishe na rula. Tairi jipya la A/T huwa na milimita 10 hadi 12. Vinundu vya alama ya kuisha vilivyo ndani ya mifereji, tofauti na vile vya kusukuma mawe, vinaonyesha 1.6, na huo ndio ukomo wa sheria katika nchi nyingi, lakini kwa masika mimi nayatoa yakifika 4. Tairi likitimiza miaka sita lichunguzwe kila mwaka na fundi. Likifika kumi litoke, hata kama kashata zinapendeza.

Msumari wa usoni unazibika, na kiraka cha ndani ni bora kuliko kamba ya gundi inayochomekwa kwa nje. Kamba ni ya kukufikisha kwa fundi. Pancha ya ubavuni haizibiki, nasema tena.

Usiku kabla ya safari ishushe spea hadi chini. Iliyoning'inia chini ya gari mwaka mzima huwa imekauka upande unaopigwa na mawe, na mnyororo wake umeshika kutu. Ijaze psi chache zaidi ya yale matairi manne, toa kifuniko cha valvu, paka mate juu yake na uhesabu hadi ishirini. Kiputo kikitokea, badilisha ulimi wa valvu usiku huohuo, kisha uirudishe juu.